Pembe ya Nne

Kwa kaka yangu Yodgor, mwalimu wa madrasa, Bukhara.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na wifi na watoto, na kile kikohozi chako kiwe kimekuachia. Sisi huku Karatepe miili yetu ni mizima, alhamdulillahi. Mama anakusalimu sana. Macho yake yamezidi kufifia, na kila akisikia kengele za ngamia barabarani huuliza kama ni wewe. Nikimwambia ni wauza chumvi ananuna, utadhani mimi ndiye niliyewaleta.

Barua yako ya mwisho niliipata. Mama sikumsomea. Umeandika kwamba wachuuzi wamekuambia nyumba yetu ilishika pembe ya zulia jeupe siku Khan alipoinuliwa, na kwamba kama Baba aliweza hilo, wewe huna baba wa kumlilia. Kaka, nililia mpaka kichwa kikaniuma. Nakuomba ukae kitako, unywe chai yako, unisikilize na mimi.

Ugomvi wa Khan na mdogo wake unaujua. Isfandiyar alipojifungia ngomeni, Khan alimwita Baba, akashika msahafu mbele yake, akaapa kwamba mdogo wake akishuka hataguswa. Wakamega mkate mmoja juu ya kiapo hicho. Baba akapanda kupeleka habari. Isfandiyar alimjibu kwamba kiapo cha kaka yake hakinunui hata kitunguu, ila neno la Baba, mwalimu wake aliyemfundisha alifu na bee analiamini. Akashuka naye bega kwa bega, wanazungumza habari za farasi. Walimkamata langoni, na adhuhuri haikumkuta hai. Baba alirudi nyumbani, akakaa kwenye kizingiti bila kuvua viatu.

Haikupita wiki akaja Hudoyor Bek, mshauri wa Khan, kumkumbusha siku ya kuinua. Unajua mambo yetu yalivyo. Khan huketi juu ya zulia jeupe, na watu wa nyumba nne humwinua, kila nyumba na pembe yake, tangu enzi za mababu. Pembe ya nne ikikosa mtu wetu, watu wa nyikani hawamwiti Khan, wala hawamletei farasi. Baba akamwambia hatashika. Bek si mtu mbaya, Kaka, ni mwoga tu kama wengi wetu. Alimnong'oneza Baba ajitie ugonjwa, aseme bega linamuuma, amtume mwanawe, mambo yaishe. Baba alimjibu hivi, nami nilikuwa nyuma ya pazia nikisikia: “Bek, bega langu zima. Nimeshamwongopea marehemu bila kujua. Sasa unataka nimwongopee na huyu aliye hai, tena kwa makusudi?”

Bek akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Kesho yake Baba alipelekwa gerezani.

Mama alikuwa akimpelekea mkate. Siku moja Bek akatuletea ujumbe kwamba Khan hana haja na Baba mwenyewe. Mtu yeyote wa damu yetu akishika pembe, Baba atarudi kulala kitandani kwake. Wewe uko mbali, na mimi ni mwanamke. Akabaki mdogo wetu Bekmurod. Baba alipata habari, akamtuma Mama na maneno machache: atakayeshika pembe ile asishike jeneza langu. Mama aliyaeleza tukiwa tunakula. Bekmurod aliweka bakuli chini, akasema, “Basi na anichukie. Bora baba mzima anayenichukia.” Unamjua mdogo wetu, tangu utotoni hawezi kuona kondoo akichinjwa. Sikumzuia wala sikumtia moyo. Nilitaka Baba arudi, Kaka. Nisikufiche, nilitaka arudi kwa njia yoyote ile.

Basi alishika. Nilimwona kwa mbali kutoka juu ya paa, uso umempauka, pembe yake ikienda chini kuliko nyingine, mpaka mtu wa nyumba ya pili akamkaripia kwamba anataka kumwangusha mfalme. Ngoma zilipolia tu akaondoka mbio na farasi wa kumpandisha Baba, na joho safi mkononi. Langoni mwa gereza wakamwambia asubiri. Kisha wakamtolea Baba juu ya ubao.

Walisema ni homa. Mzee Sobir aliyemwosha alimwambia mjomba Tursun kwamba maiti ile haikuwa ya siku ile wala ya jana yake. Mdogo wetu alimwinua Khan kwa ajili ya mtu aliyekwisha kufa, na Khan alijua.

Kuhusu mazishi wachuuzi hawakukuambia kitu, kwa sababu hawakuyaona. Mtaa mzima ulifunga milango. Majirani waliokuwa wakila wali wetu wa palovu kila Idi hawakutuletea hata maji ya chai. Walikuja mjomba Tursun, muadhini, na Mzee Sobir, basi. Bekmurod alisogea kwenye jeneza, kisha akakumbuka, akarudi nyuma na kusimama ukutani na mikono yake mitupu. Muadhini alichungulia barabarani, akarudi, akachungulia tena.

Mimi nikafunga ushungi wangu vizuri nikaenda kwenye pembe ya nne ya jeneza, ya nyuma. Muadhini akasema, “Binti, haifai.” Mjomba akamwambia, “Basi tafuta mwanamume, shehe. Milango hiyo hapo, kabishe.” Muadhini akainamisha kichwa. Kisha akasema tunyanyue.

Nimeyasikia yote yanayosemwa. Wanawake mferejini huondoa ndoo zao nikifika, na wapo wanaosema nimemtia Baba aibu kuliko Khan. Waseme, mdomo ni nyumba ya maneno. Wa kusikitikiwa ni Bekmurod. Sokoni vijana wenzake humuuliza, “Vipi bwana, Khan ana uzito gani?” Analala kwenye zizi la farasi, na hajakanyaga kaburini hata mara moja. Nikimwambia twende tukasome Yasin, anasema hana ruhusa, na wa kuitoa sasa ni wewe. Hakuna mwingine.

Kabla hujaamua, kuna jambo moja ambalo Mama halijui, wala mjomba, wala yule muadhini. Nilikusudia nife nalo. Makaburini ni mbali, Kaka, na maiti ni nzito. Tulipofika penye kilima bega langu lilishindwa. Nikajua Baba ataanguka matopeni mbele ya milango ile iliyofungwa. Ghafla uzito ukapungua. Mkono ulipita nyuma yangu ukashika ubao, ukaubeba mpaka juu, na mwenye mkono alikuwa akilia bila kutoa sauti, pumzi zake zikinigonga shingoni. Sikugeuka. Nilimjua, na maneno ya Baba niliyajua, na nilimwacha abebe.

Kama ni dhambi, ni yangu, usimhesabie yeye. Niandikie neno moja tu nimpelekee kule zizini. Akisikia ni mwandiko wako atatoka.

Mpe wifi salamu zangu, wabusu watoto, na uwafundishe jina la babu yao bila kuona haya. Mama anasema uvae sufu, baridi ya Bukhara haina adabu. Mungu akulinde, atukutanishe tukiwa bado ndugu watatu.

Ni mimi dada yako,
Anbara binti Niyazkuli