Vidonge Vitatu kwa Tende Moja

Kikoneni,
24 Januari 1965

Kwa mama yangu mpenzi, Bi Mwanamkuu,

Shikamoo, mama. Namwomba Mungu barua hii ikukute huko Tanga u mzima wa afya, wewe na kaka Abdulrahim na wanawe, na funga iwe nyepesi kwenu. Mimi ni mzima kiasi, na hicho kiasi ndicho kilichonikalisha niandike. Nimekukumbuka mno. Jana nilikaanga kitunguu, harufu yake ikaniliza, maana ni wewe tu unayekiacha mpaka kikaribie kuungua.

Jirani yangu Mbeyu hana siri, kwa hiyo huenda habari zimeshakufikia kwamba nilianguka. Ni kweli. Ngozi ya mikono na shingo, pale panapopigwa na jua, ilikuwa imegeuka nyeusi na kubanduka. Dresa wa zahanati, Bwana Randu, aliniambia mwili umekosa vitamini iitwayo niasini. Akanipa vidonge: kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja jioni, kila kimoja baada ya kula.

Nami nimefunga! Nikajiona mjanja. Ilipoadhiniwa magharibi nilikula tende moja, nikameza vyote vitatu kwa pamoja, futari hata sijaigusa. Hazikupita dakika nyingi uso ukaniwaka, masikio, shingo hadi kifuani, na mwasho kama niliyemwagiwa upupu. Nilipoinuka kichwa kikanizunguka, nikaenda chini. Mbeyu alishikilia kwamba nimepandwa na pepo, akaanza kumuuliza jina lake na anachotaka. Ningekuwa na nguvu ningemjibu kwamba pepo anataka maji.

Bwana Randu alinigombeza kwa upole. Alisema kuwaka kule ni kawaida ya dawa ile na hupita, lakini dozi hazikusanywi, na aliyesahau kidonge asifidie kwa kumeza viwili. Anayezidisha kwa siku nyingi aweza kuliharibu ini, kwa hiyo nikiona macho ya manjano au nikitapika nimkimbilie. Maalim naye alinikumbusha kwamba mgonjwa ana ruhusa ya kula, atalipa akipona. Sasa nakula mchana nyuma ya mlango kama mwizi, kisha kidonge kimoja, na uso hupata joto kidogo tu.

Mama, si funga peke yake iliyonisukuma. Uliandika kwamba utakuja Idi, nami nilitaka mikono ipone kabla hujaiona. Ukiiona utajua kwamba tangu vuli ilipokatika nimekuwa nikila ugali mtupu, na kwamba mume wangu Haji, tangu aende Dar es Salaam kutafuta kazi, hajaleta hata salamu. Kila ulipomuulizia nilikujibu yuko shambani. Hayuko, mama. Niliogopa utanifungia mizigo unirudishe kwako, naye arudi akute nyumba tupu.

Lakini siku ile, Mbeyu aliponimwagia maji, jina lililonitoka mdomoni halikuwa la Haji. Nilikuita wewe. Tangu hapo nimechoka kumngoja.

Nisalimie kaka na watoto mmoja mmoja. Mbeyu anakusalimu sana. Usingoje Idi, njoo uione mikono hii kama ilivyo. Na ukikata tiketi ya basi ya kurudi Tanga, mama, kata mbili.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Khamisa