Jina Lilifichwa, Brashi Ikasema

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla moyo haujanipasuka. Mume wangu ni baharia, na likizo iliyopita aliniambia kwamba kulabu inayoshikilia boti ya kuokolea maisha kwenye meli yao imeliwa na kutu, na msimamizi wake, badala ya kuibadilisha, alimwamuru aipake rangi ili wakaguzi wasiione, akaipaka, akanisihi nisimwambie mtu, nami nikaitikia, lakini aliporudi kazini usingizi ukanihama, maana boti hiyo ndiyo aliyopangiwa yeye na rafiki yake mpishi, basi nikapiga simu ofisi inayopokea kwa siri habari za usalama wa meli, nikamwaga yote, hata rangi nikaitaja, wakaniahidi jina langu halitatoka, na kweli halikutoka. Wakaguzi waliishusha boti ikiwa tupu, kulabu ikakatika. Bandari iliyofuata mume wangu akateremshwa na begi lake, akaambiwa meli haifugi wambea.

Sasa yuko nyumbani, amepaka rangi milango yote hadi wa choo, na mpishi hapokelewi simu, kwa kuwa zaidi yangu ni yeye tu aliyekuwa ameambiwa. Juzi nakunja shati lake, akanigeukia akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako, mama watoto." Nikaendelea kukunja. Najuta, mshauri. Nimwambie, au nife nalo?

Mimi, Mkunja Shati

*

Dada yangu, pole. Na nikishakupa pole nikugombeze.

Simu ile usiijutie hata kidogo. Jutia ulivyoipiga. Siri ya mtungi aijuaye kata: ungetaja kutu tu, wakaguzi wangeikuta wenyewe, lakini ulipotaja rangi ulimtaja aliyeshika brashi. Hiyo ofisi nayo ilipaswa kukuuliza ni wangapi wanaolijua jambo hili kabla ya kulipeleka mbele. Lakini aliyemwonea mumeo ni yule msimamizi, usimbebee mzigo wake.

Kinachonikera ni hilo shati. Mtu anamtupia lawama rafiki asiye na kosa, wewe unanyoosha kola! Kila siku unayonyamaza unampaka mpishi rangi isiyo yake, na urafiki ukishaoza hauna fundi.

Mwambie leo, watoto wakiwa nje, naye akiwa ameweka brashi chini. Usianze na machozi. Atanuna, pengine atahamia sebuleni; mwache, ana haki. Akipoa, mwombe ruhusa mpige tena simu ile ile, safari hii aeleze mwenyewe alivyoamriwa na alivyofukuzwa, maana kumwadhibu anayedhaniwa kusema ni kosa jingine, nalo linashtakiwa. Kwa mpishi nendeni wawili, na wewe ndiye utangulie kuomba radhi.

Akikuuliza kwa nini ulivunja ahadi, mjibu hivi tu: "Kulabu ilikatika boti ikiwa tupu. Ndiyo maana mpishi yupo wa kununiwa, na wewe upo wa kuninunia."