Barua ya kuwakaribisha wazazi wa Kisesa

Evelina, upo? Nimetoka sokoni sasa hivi.

Unakumbuka nilipoanza kazi Kisesa, 1996, nikawaandikia wazazi wa darasa la kwanza barua ya kuwakaribisha? Ile uliyonisaidia kudurufu. Niliwaalika Jumamosi waje tufahamiane. Nikachemsha chai sufuria nzima, nikakaa na madawati matupu mpaka jua likazama. Hakuja hata mmoja.

Leo nimekutana na Luhaga, mmoja wa watoto wale. Ana mvi mbili tatu sasa. Akanipa shikamoo, halafu akacheka: "Mwalimu, barua yako ilituponza."

Anasema kwao barua ya mwalimu ilikuwa na maana moja tu, mtoto kafanya kosa. Baba yake hakujua kusoma. Alimchapa kwanza, kabla ya kutafuta wa kumsomea. Na wenzake hivyo hivyo, karibu darasa zima. Wazazi wakaona aibu kuja.

Karibu darasa zima, Evelina.

Miaka yote hii nilidhani walinikataa mimi.

Na ile Jumatatu watoto waliingia kimya kabisa. Mimi na upweke wangu nikawasifu. Nikawaambia, "Kweli nyie mmelelewa vizuri."