Bata Wangu Wamenikosanisha na Yeyo

Mpendwa Mshauri, naomba unisaidie kabla sijafukuzwa mimi na bata wangu. Niko Kisaju, nimepanga kwa mama mmoja Mmaasai ambaye sote tunamwita Yeyo, yaani mama, na tulipohamia hapa na mume wangu Ouma, Yeyo alinipa kondoo jike, na kwa desturi yao mtu akikupa kondoo mnaitana Paker maisha yenu yote, kwa hivyo kila asubuhi alikuwa ananiita "Paker!" kutoka ng'ambo ya ua nami namwitikia "Paker!", na tangu nitoke kwetu Siaya hakuna jina nimelipenda hivyo. Shida ni bata. Nafuga bata wa mayai, nawafungulia alfajiri watafute wadudu, lakini wanakimbilia hori la saruji wanakonyweshewa mbuzi wa Yeyo, wanaoga humo, wanachafua humo, na wengine wanataga vichakani nisikojua. Juzi mbuzi walinusa yale maji wakageuka, wakaenda malishoni bila kunywa, na jua la huku unalijua. Kijana wake Leshan akaja mlangoni akasema, "Mama, hao ndege watoke ama nyinyi mtoke." Niliona aibu, nikapanga mayai mazuri kwenye trei nikampelekea Yeyo nimwombe msamaha, akayatazama tu, akasema, "Rudi nayo, Adero." Adero, si Paker tena! Mshauri, nililia. Ouma anasema niuze bata yaishe, lakini hiyo ndiyo kazi yangu, wapishi wa keki Kitengela wananitegemea, na siwauzi. Nifanyeje nibaki na bata na Yeyo pia?

Adero, Kisaju

Adero, pole sana, lakini kwanza nikugombeze. Umemkosea mama kwa bata, halafu unamwomba msamaha kwa mayai ya bata! Muda wote huo umewahi kumwona akila ndege au yai? Wazee wengi wa huko hawali, na ungemuuliza angekuambia. Na Leshan usimnunie. Mbuzi wakikosa maji, ni yeye anayehangaika nao juani.

Bata usiuze. Kosa si lao, ni lako unayewafungulia mapema. Bata hutaga usiku na asubuhi, kwa hivyo wakae bandani mpaka mbuzi wanywe na kuondoka. Mayai utayaokota yote hapo hapo, huko vichakani hutaenda tena. Wawekee beseni la kutosha kuzamisha kichwa, maana bata lazima aoshe macho na pua, lakini anaweza kuishi bila kuogelea. Maji machafu mwagia sukuma wiki. Hori nalo lizungushie waya, na waya ununue wewe.

Kesho, kabla mbuzi hawajatolewa zizini, shika brashi ulisugue hilo hori mwenyewe, usimtume Ouma, kisha ulijaze maji safi. Ukimaliza mpelekee Yeyo sukari na majani chai, ukae naye, umwambie umekosa na jinsi utakavyowafunga bata. Mayai yaache nyumbani!

Na usingoje aanze yeye. Hajataka umrudishie kondoo wake, kwa hivyo jina bado ni lenu wawili. Simama uani, uite "Paker!" kwa sauti ambayo hata Leshan ataisikia, halafu unyamaze, umpe nafasi ya kuitikia.