Mshare wa Babu na Ukungu wa Eunike

Jumapili, 3 Machi 2024

Mkungu wangu wa ndizi mshare umetikisa mnada wa kanisani tena! Umebebwa na wanaume wanne. Sawa, wawili – ila walihema kama wanne. Nani hapa Mwika hajachukua chipukizi kwangu? Jirani Filemon peke yake alichukua thelathini mwaka juzi. Mgomba wa babu, haujachanganywa na kitu!

Jumatano, 6 Machi

Migomba mitatu imenyauka. Majani ya chini njano, yananing'inia kama sketi. Nimemwita Eunike, binti wa marehemu kaka, aliyesomea kilimo Morogoro. Begi lake la kwanza nililibeba mimi, kichwani!

Kapasua shina. Ndani kahawia. Ukungu wa ardhini, anasema. Nimecheka. Kitu kisichoonekana, hakina jani wala shina, kiangushe mgomba uliokamilika hivi?

"Baba mdogo, huo udogo ndio nguvu yake. Ukungu unazaa mamilioni, kila kitoto tofauti kidogo. Hakikosi kimoja kitakachouona mlango wa kuingilia mgombani. Mshare hauna mbegu. Kila chipukizi ni mgomba uleule wa babu. Tena una mambo mengi ndani, yameshikana – ukibadilisha moja unaharibu lingine."

Uleule wa babu! Nilidhani hiyo ni sifa.

Nikamwambia yaishie hapahapa kihambani, kati ya migomba yangu. Akanyamaza. Nikajua amekubali.

Alhamisi, 7 Machi

Filemon kaja kuomba machipukizi mengine. Yale ya mwanzo yanakufa, analaumu mbolea ya mkewe. Nimempa kumi. Ningesemaje? Kwamba mshare wangu unaumwa?

Jumapili, 10 Machi

Msaliti! Baada ya ibada Eunike kasimama mbele ya usharika mzima. Mtu asichukue tena chipukizi kwa baba mdogo, na waliochukua wapasue mashina waangalie. Damu yangu mwenyewe!

Filemon kanigeukia. "Kumbe! Na mke wangu nimemsema miaka miwili!" Watu wakacheka. Mimi naangalia viatu vyangu tu. Mkungu wangu hakuna aliyeutajia bei.

Jumatatu, 11 Machi

Eunike kaja asubuhi. Shikamoo yake sikuiitikia. Mkononi ana jani la isale. Aha, msamaha! Na isale halikataliwi, hata likiletwa na muuaji. Nikakunja mikono, asubiri kidogo.

"Si la kukupa wewe, baba mdogo. Ni lako, umpelekee Filemon. Jumatano nilikuambia, Alhamisi ukampa kumi."

Jani liko mezani. Nasikia panga la Filemon ng'ambo ya uzio, anakata migomba. Nimevaa koti. Nimelivua.

Eunike anauliza kutoka barazani kama nimemaliza kuandika.

Bado, nimemwambia.