Mshale wa Baba

Dada Radostina,

Mama hajambo, na pilipili hoho za akiba ya majira ya baridi tumeshazichoma. Ila nimefanya ujinga. Ile mita ya kupimia urefu wa angani, iliyookotwa kwenye mabaki ya ndege ya baba, niliifungua, nikatia mota ndogo na kuiunganisha na mchezo wangu wa ndege za kivita. Nikipaa kwenye kompyuta, mshale wake unapanda.

Leo mama aliuona ukipanda. Akatoka nje, akabandua tangazo la kifo cha baba analobandika mlangoni kila mwaka.

“Mtu yuko angani,” akaniambia, “mnamwitaje marehemu?”

Njoo, dada. Kompyuta inaunguruma tangu asubuhi, na naogopa kutua, mama asije akauona mshale ukishuka.

Nduguyo,
Plamen