Kovu la Mkwaju wa Chovai

Baba mpendwa,

Safari hii usinikataze, maana mzigo nimeshaufunga. Ijumaa, tukijaaliwa, nakwenda kisiwani kwetu, Chovai.

Unaikumbuka ile radi? Ilipiga mkwaju wa mpakani mwa shamba letu, gome likapasuka kutoka kwenye panda hadi mzizini, vipande tukaviokota uani kwa jirani. Minazi mitatu iliyokuwa kando haikuwa na hata mkwaruzo. Mimi, mtoto wa miaka tisa, nikauita mkwaju marehemu. Ukacheka mpaka kofia ikakuanguka.

"Mchi huu u hai, mwanangu," ulisema, mti ukiuita mchi kama watu wote wa kwetu. "Hiyo minazi ndiyo ilokufa, bado kujijua tu."

Sikukuamini. Kila asubuhi niliimwagilia minazi maji ya kisima, nawe hukunizuia. Baada ya wiki chache makuti yakainama. Ulipoukata mmoja, tukakuta kilele kimelainika kama kilichochemshwa na ile radi. Mnazi una kilele kimoja tu, ulinieleza. Kikifa, hauna pengine pa kuchipukia. Mkwaju nao ulikuwa umeshaanza kurudisha gome kutoka kandoni, polepole.

Vita vilipotutoa kisiwani na kututupa Mombasa, ulikula, ukataniana na watu kambini, kila mtu akasema mzee yuko salama. Mimi nilikutazama kama nilivyoitazama ile minazi, nikakuona mzima. Ukatutoka mwaka wa pili. Nilikukasirikia sana kwa kutuficha yaliyokuwa yakikuua ndani, Baba, na hasira zimeisha juzi tu.

Juzi binamu alipiga simu kutoka kisiwani. Shamba letu linafyekwa na watu waliolikuta tupu, na wazee wa huko wanasema mwenye shamba aje aonyeshe alama ya mpaka. Kaka anasema tuache, tumeshakuwa watu wa Mombasa. Mimi siachi. Alama naijua: kovu linaanza kwenye panda, linazunguka upande wa kibla, linaishia kwenye mzizi uliokuwa ukiukalia ukishona nyavu. Zamani nilitia mkono mzima ndani yake. Sasa nadhani vitaingia vidole tu, na hivyo vidole ndivyo nitakavyowaonyesha wazee.

"Na kama wameukata?" kaka ameniuliza.

Mkwaju huchipua kisikini. Nitakwenda kukitafuta kisiki.

Mola akulaze pema.

Ni mimi, kitindamimba wako, niliyemwagilia maji minazi iliyokufa.